Mkorogo wa Chooni na Mkorogo wa Usoni



Ndugu zangu wapendwa, tafakari ya juma hili haitoki katika masomo ya Dominika. Inatoka chooni. Naomba radhi kwa yeyote atakayeona kwamba neno hilo halistahili kalamu ya padre, lakini kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa na jambo moyoni, na kila ninapotaka kuandika habari nyingine, hilo hujitokeza mbele na kudai zamu yake.

Ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya Baba Askofu kufika parokiani kwetu kutoa Sakramenti ya Kipaimara. Aliyewahi kuandaa ugeni wa namna hiyo anazijua hekaheka zake: maturubai, viti vya kuazima, kwaya zinazogombea muda wa mazoezi, akina mama wa jikoni wanaohesabu masufuria. Yapata saa tisa alasiri nilipita nyuma ya ukumbi, nikavikuta vyoo vyetu sita katika hali ya kuaibisha. Madoa ya kahawia yalikuwa yamejikita kwa miaka, na harufu ilikuwa inamlaki mtu kabla hajafika. Nikamwita mama anayetufanyia usafi, mjane wa umri wa makamo, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya misa ya kwanza. Nikampa fedha, nikamwambia maneno ninayoyakumbuka vizuri kuliko mahubiri yangu mengi: "Mama, kanunue dawa kali. Ikifika saa kumi na moja nataka vyoo hivi vinukie hadi getini."

Alinitii. Alirudi na chupa mbili: moja ya jiki, jina ambalo wengi wetu huyaita maji yote ya klorini bila kujali yametoka kiwanda gani, na nyingine ya asidi ya kusafishia vyoo. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba zote mbili ni kali. Naye akawaza kama ambavyo mimi mwenyewe ningewaza: kali moja ikiongezewa kali ya pili, uchafu hautakuwa na pa kukimbilia. Akaingia katika choo cha kwanza, ambacho hakikuwa na dirisha ila tundu la ukubwa wa tofali moja. Akamimina hii, kisha akamimina ile.

Nilikuwa ofisini niliposikia watoto wa kipaimara wakipiga kelele. Nilimkuta ametambaa hadi kizingitini, macho yakimchuruzika, akikohoa kikohozi kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Tulimkimbiza zahanati kwa gari la parokia, na zahanati ikatuelekeza hospitali. Huko aliwekewa oksijeni, akalazwa siku nne. Jumapili Baba Askofu alikuja, akawapaka vijana wetu Krisma Takatifu, akala nasi, akatubariki na kuondoka. Hakuingia katika vyoo vile.

Jumatatu nilipokwenda kumtazama mgonjwa wetu, neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba msamaha. "Nisamehe Baba," alisema, "sikuvimaliza."

Wapendwa, nimesoma teolojia ya maadili kwa miaka kadhaa seminarini, lakini sikuwahi kukutana na fundisho zito kama sentensi hiyo. Aliyekosa ni mimi, na anayeomba msamaha ni yeye. Tangu siku hiyo nimejilazimisha kuuliza, kusoma na kuwasumbua madaktari na walimu wa kemia waliomo katika jumuiya zetu. Haya ninayoandika ni sehemu ya malipizi yangu.

Kwanza yafaa tujue kilichotokea mle chooni. Jiki ni maji yaliyoyeyushwa ndani yake chumvi yenye klorini. Yakiachwa peke yake, klorini hiyo hubaki imefungwa katika maji na hufanya kazi yake taratibu. Yakikutana na asidi, kifungo hicho hukatika papo hapo na klorini hutoka ikiwa gesi, nzito kuliko hewa, inayotuama chini kule alikoinama mtu anayesugua. Ni gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia juu ya mahandaki ya maadui zake karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na dunia nzima ikashtuka. Ikigusa unyevu wa macho, wa koo na wa mapafu, huchoma. Kile ambacho mataifa yalikiogopa vitani, mama yule alikitengeneza kwa ndoo na chupa mbili za dukani, kwa agizo la paroko wake.

Wala asidi siyo adui pekee wa jiki. Jiki ikichanganywa na dawa yoyote yenye amonia, kama zile za kung'arishia vioo, hutoa gesi nyingine zinazoumiza mapafu vilevile. Mkojo uliokaa nao una amonia, ndiyo maana choo hakina budi kumwagiwa maji mengi kwanza kabla ya kutiwa klorini. Hata siki na maji ya limao, tunavyovipenda kwa kuwa ni vya jikoni, ni asidi, na havipaswi kukutana na jiki hata kidogo.

Nimejiuliza mara nyingi: kwa nini mimi na mama yule tuliwaza vilevile? Nafikiri jibu limo katika methali tuliyolelewa nayo, kwamba dawa ya moto ni moto. Tumeshika imani, bila kuijadili, kwamba kinachochoma ndicho kinachofanya kazi. Sabuni isiyotoa povu jingi tunaidharau. Sakafu isiyonukia tunasema haikupigwa deki. Dawa ya kidonda isiyowasha tunamrudishia daktari kwa manung'uniko. Ukali umekuwa kwetu ushahidi wa ubora, na maumivu yamekuwa risiti ya kwamba fedha yetu haikupotea.

Tazameni imani hiyohiyo inavyotawala katika saluni. Binti ameketi, kichwa kimepakwa dawa ya kulainisha nywele, machozi yanamlengalenga. Akisema inachoma, huambiwa avumilie kidogo, kwa kuwa ikichoma ndiyo inakolea. Lakini dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa kostiki soda, ileile ambayo fundi bomba huitumia kuyeyusha mafuta yaliyoziba mabomba. Ile inayouzwa kwa nywele imepunguzwa nguvu na kuchanganywa na mafuta, ni kweli, lakini haijabadilika tabia. Ikichoma, maana yake siyo kwamba nywele zinakubali. Maana yake ni kwamba ngozi ya kichwa inaungua. Tena mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliokuwa wamewafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka kumi na mmoja walichapisha matokeo yao: wanawake waliotumia mara kwa mara dawa za kunyoosha nywele walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi kuliko wasiotumia. Watafiti hao hawakusema kwamba wamethibitisha kisababishi, nami sitasema zaidi yao. Nasema tu kwamba tunapaswa kumwamini binti anaposema inachoma.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye neno la kichwa cha tafakari hii. Sote tunajua maana ya mkorogo. Ni mafuta mawili, matatu au manne, pengine na vidonge vilivyosagwa, vinavyokorogwa katika kopo moja ili kuifanya ngozi nyeusi iwe nyeupe, tena upesi. Mtu anayeukoroga anatumia mantiki ileile iliyotumika katika choo chetu: kali juu ya kali. Tofauti ni kwamba gesi ya chooni humwangusha mtu kwa dakika moja, ilhali mkorogo wa usoni humla kwa miaka, kimyakimya, huku akisifiwa kwamba amependeza.

Madaktari walinitajia vitu vitatu vinavyopatikana zaidi katika vipodozi hivyo. Cha kwanza ni haidrokwinoni, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumika kwa muda mrefu, hasa chini ya jua letu, yaweza kuifanya ngozi kuwa na mabaka ya rangi ya bluu iliyokolea hadi weusi, yasiyofutika kwa urahisi. Yaani mtu aliyetafuta weupe huishia na weusi asiozaliwa nao. Cha pili ni steroidi kali, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Zikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi hukonda kama karatasi, huchanika mistari, na vidonda huchelewa kupona. Cha tatu ni zebaki.

Zebaki naomba niizungumzie kwa kirefu, kwa kuwa wengi mnaijua kwa sura nyingine. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huitumia kunasa chembe za dhahabu katika mchanga, kwa sababu zebaki na dhahabu hushikana. Sasa chukueni baadhi ya makopo ya mafuta ya kung'arisha uso, msome maandishi yake madogo. Mkikuta onyo kwamba mtumiaji avue vito vya dhahabu na fedha kabla ya kupaka, jueni kwamba Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo la namna hiyo kuwa dalili ya kuwamo zebaki. Bibi harusi anaambiwa na kopo la mafuta avue pete yake ya ndoa isije ikaharibika, naye anaivua, kisha anayapaka mafuta hayo usoni. Pete imehurumiwa. Uso haukuhurumiwa.

Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu, na huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humshirikisha mtoto aliye tumboni. Mtoto anayebebwa mgongoni au kulala kitanda kimoja na mama yake huipata kwa kugusana naye, na mashuka nayo hubaki nayo. Dunia ilipata somo lake katika mji wa Minamata, nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wagonjwa wakaanza kutambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji huo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba ifikapo mwaka 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi. Afrika haikungoja kuambiwa na wengine: Afrika Kusini ilipiga marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi tangu mwaka 1990, na majirani zetu wa Rwanda waliendesha msako mkali madukani mwishoni mwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata. Hata hapa kwetu makopo hayo hukamatwa na kuteketezwa mara kwa mara. Lakini tusijidanganye. Biashara yoyote hudumu maadamu mnunuzi yupo, na mnunuzi anaketi katika viti vya kanisa letu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewaonea akina mama na mabinti, jambo ambalo wahubiri tunalifanya kwa wepesi kupita kiasi. Basi niwaulize wanaume: ni nani anayemsifia binti kwa kusema "mweupe" kana kwamba ametaja fadhila? Ni nani anayetania mtoto mweusi mbele ya wageni na kumwita makaa? Katika mafundisho ya ndoa nimewahi kumsikia kijana akisema mbele ya mchumba wake kwamba alimpenda "kwa sababu ya rangi yake". Binti alitabasamu. Mimi niliviona vidole vyake, ambavyo kwenye maungio vilikuwa na weusi uliogoma kuondoka, nikanyamaza. Ukimya ule nao nauungama hapa. Tunakiri kwamba binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Basi anayemwambia mwenzake kwamba sura hiyo inahitaji kuchunwa ili ipendeze, ajue anayemsahihisha ni nani.

Hata hivyo, wapendwa, haki itendeke kwa pande zote. Sitaki mtu yeyote asome tafakari hii kisha akatupe chupa ya klorini jalalani na kusema padre amekataza kemikali. Maji yenyewe ni kemikali, na chumvi ya mezani ni kemikali. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono yao katika maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama wodini vikapungua sana. Kipindupindu kinapoingia mtaani, klorini iliyopimwa vema huokoa watoto wetu. Klorini haina dhambi. Dhambi iko katika kuitumia bila kipimo, bila maelezo, na bila kujali ni pafu la nani litakaloivuta.

Wala tusikimbilie upande wa pili na kusujudia neno "asilia", ambalo siku hizi limebandikwa kwenye kila chupa. Zebaki ni ya asili, imechimbwa ardhini. Maji ya ndimu ni ya asili, lakini ukiyapaka usoni na kutoka juani ngozi yaweza kuungua na kutoa malengelenge. Swali la kuuliza siyo kama kitu kimetoka shambani au kiwandani. Swali ni: kimo nini, kwa kiasi gani, na kitamgusa nani?

Sasa nirudi chooni, kwa maana huko ndiko nilikopata jibu langu. Jumamosi iliyofuata, kwa aibu zaidi kuliko kwa fadhila, nilivaa ndala na glavu nikaingia kuvisafisha vile vyoo vitano vilivyobaki. Sikutumia dawa yoyote kali. Nilitumia sabuni ya kawaida ya unga, brashi ngumu, na siki niliyoimwaga juu ya madoa usiku uliotangulia na kuiacha hadi asubuhi. Madoa mengi ya kahawia ni chokaa na chuma vya maji yetu ya kisima, na asidi hafifu kama siki huyalainisha iwapo itapewa muda. Nilisugua kwa saa nne. Mgongo uliniuma kwa siku tatu. Lakini vyoo vilitakata, wala hapakuwa na harufu yoyote ile, si mbaya wala nzuri. Nikakumbuka kwamba kitu safi hakinuki chochote.

Ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimempa mama mmoja saa mbili, pamoja na muda wa kwenda dukani, afanye kazi iliyonichukua mimi saa nne baada ya usiku mzima wa kuloweka. Kilichokosekana siyo dawa. Kilichokosekana ni muda, na pengine jozi ya pili ya mikono. Nilitaka ukali ufanye kazi ambayo mimi sikutaka kuilipia kwa saa na kwa watu. Na nikitazama vizuri, ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Mafuta yanayoahidi weupe kwa siku saba yanauza haraka. Dawa inayoahidi sinki jeupe bila kusugua inauza haraka. Ndani ya nyumba zetu, anayebebeshwa haraka hiyo ni dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa aliyepewa vyumba vinne, nguo za watu sita na chupa yenye maandishi ya lugha asiyoijua, kisha tunamshangaa mikono yake inapochubuka. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Mimi naongeza kwamba haraka ina gharama, na mara nyingi anayeilipa siye aliyeitaka.

Mtu ataniambia: Padre, hayo ni maneno ya wenye nacho, sisi tunanunua kilicho rahisi. Nimelipima jambo hilo. Kipande cha sabuni ya mche, maji, brashi na jua ni rahisi kuliko chupa tatu zenye rangi za kupendeza. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliviondoa sokoni viambato 19 vya sabuni za mikono zilizotangazwa kuua vijidudu, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba sabuni hizo zinawashinda sabuni ya kawaida na maji katika kumkinga mtu na magonjwa. Maskini amekuwa akilipia neno "kuua vijidudu" wakati kazi inafanywa na povu la kawaida na sekunde ishirini za kusugua. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba uharibifu wa mazingira na mateso ya maskini ni jambo moja. Zamani nilidhani maneno hayo yanahusu misitu na mito. Kumbe yanahusu pia chumba kisicho na dirisha nyuma ya ukumbi wangu.

Halmashauri ya walei ya parokia yetu imekaa na kupitisha mambo machache, nami nawaomba kila jumuiya ndogo ndogo na kila familia iyachukue.

Dawa mbili za usafi zisichanganywe kamwe, hata kama zote ni nzuri. Atakayetumia jiki aipunguze kwa maji baridi, afungue mlango na dirisha, na asitie kitu kingine ndani yake. Akihisi harufu ya kukaba koo, atoke nje mara moja na asirudi kuokoa ndoo.

Dawa yoyote isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hili nalisisitiza kwa vikundi vyetu vya akina mama vinavyotengeneza sabuni, kazi njema inayosomesha watoto wengi: kostiki soda ifungiwe kabatini kwa kufuli, juu, mbali na mikono midogo. Mtoto hasomi, mtoto huona chupa ya soda na kunywa. Ikitokea kwa bahati mbaya amekunywa, asilazimishwe kutapika, kwa maana kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Akimbizwe hospitali, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari aione. Dawa ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika kumi na tano, ndipo safari ianze.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, visiwekwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Wapo watoto, tena wengi katika nchi zetu zenye malaria, waliozaliwa na upungufu fulani katika damu, na mvuke wa vidonge hivyo huweza kuzivunja chembe za damu yao. Nguo zianikwe juani, zikunjwe, inatosha.

Kipodozi kisichoonyesha kilichomo, au kinachoonya kuhusu vito, au kilichokorogwa katika kopo lisilo na jina, kisiguse ngozi ya mtu. Na yule ambaye tayari anatumia, asione haya wala asijifiche. Aende kwa daktari wa ngozi, kwa maana steroidi zikiachwa kwa ghafla ngozi huweza kuwaka, na anahitaji mtu wa kumwongoza. Parokia hii haitamcheka.

Mwisho, tumekubaliana kwamba vyoo vya kanisa vitasafishwa kwa zamu na jumuiya zote, Jumamosi kwa Jumamosi, na paroko naye yumo katika ratiba. Tumetoboa madirisha. Mama yetu analipwa kama kawaida, lakini hashiki tena dawa yoyote. Sasa yeye ndiye mtunza stoo, na funguo za kabati la dawa anakaa nazo yeye. Hakuna anayechukua chupa bila kuelezwa naye namna ya kuitumia, nanyi mnajua kwamba ni mkali kuliko chupa zenyewe.

Amerudi kwaya. Haimbi bado. Anasema pumzi yake humwishia katikati ya mstari, na daktari amemwambia huenda ikachukua muda, huenda isirudi yote. Kila Dominika huketi mahali pake palepale, katika safu ya pili, na kitabu chake kimefunguliwa. Wapendwa, mtakapokuja misani juma hili mkaimba, naomba mmkumbuke. Na mtakaporudi nyumbani, kabla hamjamtuma mtu yeyote kununua dawa kali, muulizeni kwanza kama mmempa muda wa kutosha.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Paroko wenu